Njia Tatu za Mzee Tayabali

Ukitaka koki, kitasa, misumari ya bati au gundi ya bomba, ulikwenda kwa Mzee Tayabali, nyuma ya soko kuu. Ulimkuta juu ya stuli yake ndefu, kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu kichwani, naye alikuuliza swali moja tu: "Nusu inchi au robo tatu?" Ukisema hujui, alikurudisha nyumbani ukapime. Mimi ni fundi bomba, dukani kwake nilikuwa naingia karibu kila siku, na kwa muda mrefu nilimwona mzee mkorofi asiye na habari na mtu.

Siku moja alinifungia kona zangu za bomba kwenye gazeti, akazishikilia kidogo badala ya kunipa.

"Kashindye," akasema, "ukikuta mlango umefungwa, na ndani mtu analia, unafanya nini?"

"Nabomoa."

"Bila kuuliza ni nani analia?"

"Nitauliza nikishabomoa, Mzee."

Akanitazama kama mtu aliyepata spea aliyoitafuta siku nyingi. "Njoo Jumapili baada ya chakula cha mchana. Duka litakuwa limefungwa, pita ngazi ya nyuma."

Ndivyo nilivyoingia kwenye mchezo ule, na sikutoka kwa miaka kumi na moja. Boksi la mchezo lililetwa na Sahil, mtoto wake wa kiume, alipotoka kusoma Uingereza. Wakati huo nyumba ilikuwa imejaa, akacheza Sahil, akacheza mdogo wake Minaz, na mama yao, Bi Farzana, naye akavutiwa. Baadaye Sahil akahamia Dar kwa biashara, Minaz akaolewa Toronto, Bi Farzana akafariki, na boksi likabaki juu ya kabati. Mzee alilishusha peke yake. Akaondoa theluji na majumba ya wafalme wa Kizungu, akaweka mawe yetu, ziwa letu na mamba wetu, yote kwa Kiswahili.

Mchezo wenyewe hauna ubao wa kusogezea kete. Mtu mmoja, tuliyemwita mwenye meza, anakusimulia uko wapi na unaona nini. Wewe una mtu wako unayemwigiza, na unasema anafanya nini. Jambo likiwa gumu unarusha dadu lenye pande ishirini: namba kubwa umefaulu, namba ndogo umeumia. Mwenye meza naye ana madadu yake, ila anayarushia nyuma ya katoni, na yaliyotoka huko anayajua yeye tu. Katoni ya Mzee ilikuwa ya vigae, ameikata upande mmoja ikasimama mbele yake kama ukuta.

Tulikuwa watatu mezani. Suzana alikuwa anauza dawa karibu na stendi ya Buzuruga, kwaya haikosi, na mezani alikuwa mwizi asiye na huruma hata kidogo. Fundi Lukman, ambaye kwao wameshona kanzu hapa mjini tangu enzi za babu yake, aliigiza hakimu kipofu. Mimi niliigiza askari aliyetoroka jeshini, jina lake Gamba.

Mtu atacheka: watu wazima wenye watoto, Jumapili nzima wanajifanya wezi na mahakimu. Acheke. Kazini kwangu mimi siamui kitu. Mwenye nyumba anasema sinki likae hapa, mkewe anasema likae pale, injinia anakuja jioni na kusema vyote ving'olewe. Shule niliachishwa kwa uamuzi wa baba, na hata Kiseke ninakoishi nilihamia kwa sababu mwenye nyumba wa kwanza aliamua kuuza. Lakini Jumapili mchana Mzee Tayabali alinyanyua macho juu ya katoni akaniuliza, "Gamba anafanya nini?" Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza swali la namna ile kisha akanyamaza kabisa, akisubiri jibu langu.

Nami nilijibu kwa moyo wote. Kuna mwaka tulitakiwa kuwahi kijiji cha Ilomero kuwaonya watu kwamba wavamizi wanakuja. Mzee alitupa njia tatu: ufukweni, milimani juu ya mawe, au kwa mtumbwi katikati ya matete. Tulibishana mpaka adhana ya alasiri. Mimi ndiye niliyeshikilia milima, nikapiga meza, na wenzangu wakakubali ili nyumba ipate amani. Tulifika Ilomero tukakuta majivu. Bibi Kija, kikongwe wa kwenye hadithi aliyetupikia ugali na sato tulipokuwa hatuna kitu, alikuwa amelala mlangoni kwake, amekufa. Suzana alilia machozi ya kweli, akanigeukia akasema, "Wewe ndiye uliyetaka milima." Alikaa muda mrefu bila kunisemesha. Nilikuwa nalala chali chini ya masinki ya watu, spana mkononi, nikijiambia kwamba ningesema ufukweni yule bibi angekuwa hai. Naona aibu kuisema, lakini nilimlilia Bibi Kija kuliko nilivyowalilia baadhi ya ndugu zangu.

Mwaka jana Mzee alianguka kwenye ngazi ya stoo. Alikuwa peke yake, akalala pale na nyonga iliyopasuka mpaka wachukuzi walipofungua asubuhi. Alipotoka hospitali akitembelea fimbo, Minaz akaja kutoka Toronto. Sitamsema vibaya Minaz. Alimwogesha baba yake, akamlisha, akalala sakafuni kando ya kitanda chake. Alikuwa mwanamke mwenye hofu, na hofu yake nilielewa inatoka wapi.

Siku aliyoleta mazungumzo nilikuwa dukani kununua kona za nusu. Walianza kwa Kigujarati, kisha Mzee akamjibu kwa Kiswahili. Nadhani alitaka shahidi.

"Baba, hakuna anayekulazimisha," alisema Minaz, amemshika mkono. "Una njia tatu. Uje kwangu Toronto. Au ukae kwa Sahil, Dar, na jamaa zetu wapo wengi. Au ubaki hapahapa Mwanza, tukutafutie nyumba isiyo na ngazi kule Kiseke, na mtu wa kukupikia. Chagua mwenyewe. Utakachosema ndicho tutakachofanya."

"Na duka?"

"Duka tutaliongea baadaye, Baba."

Mzee akafikiri sana, akizungusha fimbo. Mimi nilijifanya nahesabu kona.

"Kiseke," akasema.

Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kitu, kwa sababu angekuwa jirani yangu. Minaz akanituma nikakague mabomba ya ile nyumba. Nikarudi na ukweli: maji yanatoka kwa mgawo. Akatikisa kichwa, nani atambebea Baba ndoo? Nikasema nafunga simtanki juu, nafanya mwenyewe, sitaki hata hela ya ufundi. Akanishukuru kwa upole. Wiki haikuisha tukaambiwa nyumba imepata mpangaji mwingine, na mama aliyetarajiwa kupika amerudi kwao Kisesa. Basi Mzee akachagua Dar. Sahil akapiga simu, sauti ikasikika duka zima: anamtaka Baba kwa mikono miwili, ila mama mkwe yupo, chumba hakuna, lifti ya jengo haijatengenezwa. Si afadhali Baba atangulie Toronto, apumzike kidogo, halafu wataangalia? Viza yenyewe ilikuwa imeshatoka. Na duka, ilikuja kujulikana, lilikuwa na mnunuzi tangu kabla Minaz hajapanda ndege.

Mzee alikata simu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, kofia ikamdondoka. Minaz alikuwa juu anapika. Nikaiokota ile kofia nikampa.

"Huyu Minaz nimemfundisha mimi," akasema.

"Kumfundisha nini, Mzee?"

"Alipokuwa mdogo alitaka kuwa mwenye meza. Akawa analia kila siku, kwa sababu anaandaa kijiji kizuri, Sahil anakataa kwenda. Nikamwambia, mwanangu, mchezaji usimlazimishe. Mpe njia tatu. Mwache abishane, mwache achague. Halafu kijiji chako kiweke popote atakapokwenda." Akafuta macho. "Ameielewa vizuri kuliko nilivyodhani."

Nilichelewa kuelewa. Nilisimama na mfuko wangu wa kona, nikaona kwanza mambo ya Toronto, kisha polepole nikaona mawe, matete na majivu.

"Mzee," nikasema, "Ilomero?"

Hakunitazama. "Ilomero ilikuwa imeungua kabla hamjaketi mezani, Kashindye."

"Tungepita ufukweni?"

"Ungekuta majivu."

"Na kwa mtumbwi?"

"Majivu."

Nikaziacha kona zake juu ya kaunta nikatoka. Nilitembea mpaka ziwani nikakaa juu ya jiwe, nikiwa na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuipeleka. Mtu akikuibia hela unajua umeibiwa nini. Mimi nilikuwa nimeibiwa dhambi. Nilikuwa nimeibeba kwa miaka nikidhani ni yangu, na ilikuwa karibu kitu pekee nilichowahi kuharibu kwa uamuzi wangu mwenyewe.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya mwisho kwetu kukutana. Niliwawahi wenzangu kwenye ngazi nikawaambia kila kitu, na sauti sikuipunguza. Tulipoketi, Mzee alikuwa ameshasimamisha katoni yake, chai ya maziwa iko mezani, na hakuna aliyemwamkia isipokuwa Fundi Lukman.

Suzana ndiye aliyeanza. "Mzee. Nikuulize kitu kimoja."

"Uliza, mama."

"Siku ile ya lango la mfalme. Mfalme aliniambia nipige magoti nibaki kwake, niishi vizuri, au nikatae niondoke mikono mitupu. Nikakataa." Alikuwa akiongea taratibu, kama anayemweleza mgonjwa vidonge. "Unajua kwamba wiki ile ndiyo niliyomwacha baba watoto. Alikuwa ananipiga, nyote mlikuwa mnaona. Nilijiambia, kama niliweza kumkatalia mfalme, huyu ni nani? Sasa niambie. Ningepiga magoti, ingekuwaje?"

Mzee angeweza kudanganya. Miaka yote alidanganya vizuri, sijui kwa nini siku ile alishindwa.

"Askari wake wangekutoa nje usiku uleule," akasema. "Nilihitaji uwe barabarani."

Suzana akatikisa kichwa mara kadhaa, akavuta kikombe chake karibu, hakunywa. Nilimwona akizeeka pale kwenye kiti. Nikajuta kumwambia, kisha nikakasirika upya kwa sababu hata majuto hayo niliyaona si yangu.

"Mimi nilijua," akasema Fundi Lukman.

Tukamgeukia.

"Mnanitazama nini? Kila tukipotea, tunapotelea mahali penye mambo. Nani hupotea hivyo?" Akajikuna kidevu. "Kutwa nzima watu wananiuliza mimi. Fundi, kola ipi, mkono mrefu au mfupi, nichukue rangi gani. Jumapili nilikuwa nakuja hapa nipelekwe. Alikuwa akinipeleka vizuri. Sikuona ubaya."

"Ubaya ni kwamba alituuliza," nikasema. "Angesimulia tu, tungekaa tukasikiliza. Kwa nini utuulize, Mzee? Kwa nini uninyamazie ukisubiri jibu langu, na jibu unalo?"

Mzee Tayabali aliweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Kwa sababu mngekwenda kusiko na kitu," akasema. "Ningewaachia njia, mngefika mahali ambapo sijaandaa chochote, mngeona hapana maana, mngechoka. Mngesema Jumapili ijayo nina harusi, nina mgonjwa. Halafu ningekaa hapa na nani? Na Farzana hayupo?" Akavuta pumzi. "Nilitaka mje. Na nilitaka mjione wakubwa mkiwa hapa. Yote mawili nilitaka."

Nilimwonea huruma, na huruma haikuniondolea hasira. Vilikaa pamoja.

Akaichukua ile katoni, akaikunja, akaitupa chini. Kwa mara ya kwanza tuliona upande wake wa meza: madadu matatu, penseli, miwani ya akiba na peremende za kikohozi. Sijui nilitegemea kuona nini.

"Leo sikuandaa kitu," akasema. "Wallahi. Hakuna kijiji, hakuna adui, hakuna njia. Mtakalosema ndilo litakalokuwa, na dadu nitalirushia hapa mbele yenu. Nawalipa deni langu lote." Akanitazama. "Gamba anafanya nini?"

Nikafungua mdomo. Ndilo swali nililolidai, na safari hii alilimaanisha. Niliona nchi yote imelala wazi mbele yangu, mawe na maji, popote niende. Nikatafuta ndani yangu kitu ambacho Gamba anakitaka.

"Kuna nini mbele?" nikauliza.

"Sijui. Hakuna kitu mpaka useme."

"Na nyuma yetu?"

"Useme wewe."

Chini barabarani mtu alikuwa akiosha pikipiki huku redio yake ikiimba. Fundi Lukman akajaribu, akasema hakimu wake anakaa chini kivulini. Mzee akasema sawa, amekaa. Tukasubiri, na hakuna kilichofuata. Hakimu akaendelea kukaa. Nilikuwa nimepiga kelele wiki nzima kwamba nimenyang'anywa, na sasa nimerudishiwa mkononi, na mkono haukujua kukishika. Sijui kama niliwahi kujua nikasahaulishwa, au sikuwahi kujua kabisa, na Mzee aliliona hilo tangu siku ya ule mlango na mtu anayelia.

"Mzee," akasema Suzana mwishowe, kwa sauti ndogo, "tupe njia tatu."

Hapo ndipo uso wa Mzee uliposawijika. Kama tungemtukana angevumilia. Alituangalia mmoja mmoja, akaona alichotengeneza kwa miaka kumi na moja, na akajua kwamba hana tena Jumapili ya kukirekebisha.

Minaz alikuwa mlangoni. Alikuwa amekuja kuchukua vikombe, na kwa jinsi alivyosimama nilijua amesikia mengi. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaweka sinia chini, akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, akasema kwa Kiswahili mbele yetu sote.

"Baba, nisamehe. Acha hizo njia tatu. Sema unataka nini, wewe, kwa moyo wako. Mnunuzi nitamrudishia hela yake. Sahil nitaongea naye. Ukitaka duka, utakaa dukani, nami nitabaki mpaka nyonga ipone. Sema tu."

Fundi Lukman aliinamisha kichwa kama anayeomba dua. Nilijua ni kweli: mlango ulikuwa wazi kabisa, na kilichohitajika ni neno moja tu. Nilimwambia Mzee kimoyomoyo, sema duka. Sema Mwanza.

Akamtazama binti yake. Akaangalia dirishani, ziwa linapoonekana kati ya mabati na mawe. Midomo yake ikasogea bila sauti. Nikauona uso wangu mwenyewe wa dakika chache zilizopita, umekaa juu ya shingo ya mzee. Kumbe kabla ya watoto wake kulikuwa na baba yake aliyemwachia duka, na jamaa waliomchagulia mke, akampenda, na mke aliyejua siku zote Jumapili wale nini. Alichowahi kuongoza ni meza tu, na hata meza ile aliiletewa na mwanawe.

Minaz alisubiri. Alisubiri kweli, bila kumsaidia neno.

"Tiketi ni ya lini?" akauliza Mzee Tayabali.

Minaz akalaza paji la uso wake juu ya magoti ya baba yake, akalia. Sisi tukatafuta viatu vyetu.

Pale dukani sasa wanauza simu. Suzana nikikutana naye Buzuruga tunaulizana habari za watoto, basi. Boksi ninalo mimi, juu ya kabati Kiseke, na sijalishusha.

Mzee hunipigia Jumapili, kwao ikiwa asubuhi. Juzi nilimuuliza siku ataitumiaje.

"Minaz ananipa nichague," akasema. "Bustani, maktaba, au dukani naye. Leo nimechagua bustani."

"Vizuri, Mzee. Mkifika huko unapenda kuangalia nini?"

"Kuna theluji leo," akasema. "Tunakwenda dukani."